Faili la Vigawanyo na Hesabu ya Droo Kasansa

Mwenye duka Kasansa ambaye mauzo yake ya mwaka ni shilingi milioni 8 anaweza kudaiwa kodi ya mapato ya shilingi 120,000, au akadaiwa 250,000. Duka ni lile lile na mauzo ni yale yale. Tofauti iko kwenye makaratasi. Viwango vya kodi ya makadirio vilivyopitishwa katika Sheria ya Fedha ya 2022 vinampa nafuu anayetunza kumbukumbu. Kwa mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11, huyo hulipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Asiyetunza hutozwa 250,000 kwa mkupuo. Ngazi ya chini yake, kati ya milioni 4 na 7, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, na mwenzake hulipa 100,000 hata kama amevuka mstari kwa kidogo tu. Utaratibu huo ni wa mtu binafsi. Kampuni na vyama vya ushirika vina njia yao.

Kwa hesabu hiyo, anayeuliza anunue faili la aina gani hafanyi mchezo. Na Kasansa si mahali pa kukosea mara mbili. Kata hii ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele mkoani Katavi, iko kwenye bonde la Ziwa Rukwa, upande ambao barabara inaelekea Muze na Kilyamatundu mkoani Rukwa. Ukitaka duka la vifaa vya ofisi lenye uchaguzi wa maana, safari ni ya Mpanda mjini, unapita Kibaoni na kukatiza Hifadhi ya Katavi. Ukirudi na mafaili yasiyoingia kwenye droo, nauli imekwenda.

Wanaohitaji mafaili hapa ni wengi kuliko inavyodhaniwa: mtendaji wa kata na wa vijiji, walimu wakuu, zahanati, wenye mashine za kukoboa mpunga, wanunuzi wa ufuta, mawakala wa fedha za simu, vyama vya msingi vya ushirika. Wengi wanatumia jalada la manila, springi faili au boksi faili. Faili la vigawanyo halijazoeleka sana, na ndilo wauzaji hulisifia kupita kiasi.

Umbo lake ni hili: ganda la kadibodi ngumu, ndani yake kuna kigawanyo kimoja, viwili au vitatu, na kila upande una kibanio cha chuma chenye miguu miwili ya kupitisha kwenye matundu ya karatasi. Kigawanyo kimoja hutoa nyuso nne za kubania, viwili hutoa sita, vitatu nane. Mauzo yote yamejengwa hapo: faili moja, mafungu manane. Lakini mnunuzi anatakiwa ajiulize kwanza kama ana jambo moja lenye karatasi za aina nyingi, au ana mambo mengi yenye karatasi za aina moja. Kigawanyo kinamfaa wa kwanza tu.

Mfano wa huyo wa kwanza ni mwenye mashine ya mpunga aliyekopa benki. Mkopo ni jambo moja, ila una mkataba, hati za dhamana, stakabadhi za marejesho, barua, bima, na ankara za mashine yenyewe. Hapo vigawanyo viwili vinatosha kabisa, kila aina ina uso wake, na afisa wa benki akiuliza marejesho ya Juni hakuna haja ya kupekua bima. Msimu wa ufuta wa chama cha msingi nao ni jambo moja: karatasi za mizani, nyaraka za mnada, malipo ya wakulima, ushuru wa halmashauri, muhtasari wa vikao. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akiuliza kuhusu msimu fulani, faili moja kwa msimu mmoja linajibu swali lake kama linavyoulizwa.

Sasa chukua wanachama wa chama hicho, mfano wa mambo mengi yenye karatasi za aina moja. Tuseme chama kina wanachama 300, na mtu ameshauri kila mmoja awe na faili lake la vigawanyo. Mengi ya mafaili haya yana mgongo unaotanuka hadi sentimita 5. Mafaili 300 yaliyojaa ni mita 15 za droo. Kabati zima la droo nne, kila droo ikiwa na nafasi ya sentimita 50 ukiacha pa kuingiza mkono, lina mita 2. Chama kingehitaji makabati zaidi ya saba kuhifadhi fomu ambazo nyingi ni karatasi tatu au nne kwa mtu! Hapo jalada jembamba la manila ndani ya faili la kuning'inia, lililopangwa kwa namba ya uanachama, linashinda kwa mbali.

Uzito nao husahaulika. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina gramu 5, na karatasi 100 zikibanwa hufika unene wa sentimita moja. Droo ya sentimita 50 iliyojaa ina karatasi kama 5,000, yaani kilo 25 kabla ya kuhesabu maganda. Anayejaza droo ya juu na kuacha ya chini tupu anatengeneza kabati la kumwangukia.

Kuna mitego miwili ya vipimo ambayo muuzaji hatakwambia, pengine kwa kuwa naye haijui. Mafaili haya ni ya desturi ya Marekani hasa, na yakija kwa vipimo vya huko hukatwa kwa karatasi yao yenye urefu wa milimita 279. A4 ina milimita 297, karibu sentimita 2 zaidi, kwa hiyo inaweza kukosa nafasi na kukunjika droo inapofungwa. Tafuta ya A4 au ya fulskepu. Mtego wa pili ni matundu: mashine za kutoboa zinazouzwa kwetu huacha milimita 80 kati ya tundu na tundu, ilhali kibanio cha Kimarekani kina milimita 70. Beba karatasi moja iliyotobolewa na mashine yako, uijaribu kwenye kibanio kabla hujatoa pesa. Angalia pia ulimi wa kuandikia jina. Faili la droo husomwa kutoka juu, kwa hiyo ulimi uwe juu. Wa pembeni ni wa rafu.

Wazo la kusimamisha karatasi wima ndani ya droo lenyewe si la kale sana. Lilipata umaarufu kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Kabla yake barua zilikunjwa na kusukumwa kwenye vishubaka. Na droo si lazima iwe ya kabati la kununua. Katavi tuna faida yetu: mbao za mninga. Seremala wa Mpanda anaweza kukutengenezea meza yenye droo ndefu na kukuwekea vyuma viwili vya kuning'inizia mafaili, mradi umpe faili mkononi apime. Usimpe maneno.

Hali ya hewa ya bonde ina kauli yake katika ununuzi huu. Mvua za Novemba hadi Aprili huleta unyevu, pini za stepla hushika kutu na kutoboa karatasi, na mchwa hauchagui kati ya hati na boksi. Kadibodi iliyopakwa nta au plastiki hudumu kuliko manila tupu, na kabati lisiguse ukuta wala sakafu ya udongo. Risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti, ni suala jingine. Huchapwa kwa joto, na joto hilo hilo huziharibu. Mifuko laini ya plastiki huharakisha maandishi kupotea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Mwenye risiti nyeupe mwaka wa tatu ni sawa na asiye na risiti. Toa kopi siku ile ile, bania kopi na risiti pamoja.

Ofisi za serikali, kwa upande wao, zimeishi miaka mingi bila vigawanyo. Masjala hufungua jalada kwa jambo moja, huzipa karatasi namba za folio kwa kadiri zinavyoingia, na dokezo linakwambia nani alisoma folio ipi na akaamua nini. Mpangilio wa tarehe una nguvu yake: huwezi kuchomoa folio 14 bila pengo kuonekana. Kwenye faili la vigawanyo karatasi ikitoweka hakuna anayejua. Ndiyo maana kwa masjala ya ardhi ya kijiji, inayotunza nakala za hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, nisingependekeza vigawanyo hata kama vingetolewa bure. Hapo panatakiwa jalada lenye folio, kabati la chuma na kufuli.

Mifumo ya mtandao haijaondoa haja hii. Zabuni za serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, ila ankara, hati ya kupokelea mzigo na stakabadhi bado zinasainiwa kwenye karatasi na kurudi droo ile ile.

Kwa duka la kawaida la Kasansa, mafaili mawili ya vigawanyo viwili yanatosha: moja la mambo ya kudumu, yaani namba ya mlipakodi (TIN), leseni, mkataba wa pango na mkopo, na jingine la kodi ya mwaka huu. Risiti za manunuzi ziende kwenye boksi faili, mwezi kwa mwezi. Faili la vigawanyo vitatu mwachie mnunuzi mkubwa wa mazao na chama cha ushirika, na hao nao wapime droo kabla ya kupanda basi la Mpanda.