Uluguru: Mtalii wa shanta anakosa kitanda

Safari za treni ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa Sh13,000. Kwa kijana mwenye shanta mgongoni na fedha za kuhesabu, milima ya Uluguru ilisogea karibu. Ukisimama Mazimbu, nje ya Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), unaiona ikiwa imeuegemea mji, kilele cha Lupanga kikiwa na mita 2,138. Huko nyuma, kusini, kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600.

Hii ni biashara tofauti kabisa na ya Kilimanjaro. Kule mgeni hapandi bila wakala mwenye leseni, na ada ya hifadhi peke yake kwa mtalii wa kigeni ni dola 70 kwa siku kabla ya kodi. Uluguru, ukishapata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), fedha inayobaki inaingia moja kwa moja mikononi mwa watu: bodaboda anayekupeleka mguu wa mlima, mwongozaji wa kijiji, mama anayeuza ndizi njiani kuelekea Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani. Mtalii wa shanta anatoa kidogo, lakini anachotoa hakipiti kwa dalali.

Tatizo ni kwamba wengi hupanda asubuhi na kushuka jioni. Fedha ya usiku, ambayo ndiyo kubwa, inarudi kwenye gesti za mjini.

Anayevuka mlima ndiye angeiacha huko juu. Upande wa magharibi iko Mgeta, nchi ya kabichi, viazi, njegere na matunda ya baridi, inayopakia malori ya kwenda masoko ya Dar es Salaam. Ukifika Bunduki, mgongo wa mlima unashuka kabla ya kuinuka tena kusini. Upande wa mashariki, unaopokea mvua nyingi zaidi, ni mambo mengine kabisa: Kinole na Matombo, ndizi, nanasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Ni uchumi wa aina mbili uliotenganishwa na msitu mmoja, na mtu wa miguu anaweza kununua pande zote mbili ndani ya siku chache.

Lakini atalala wapi? Haihitajiki hoteli. Chumba kimoja katika nyumba ya mwenyeji, kitanda, chandarua, choo safi, maji ya moto na sahani ya ugali vinatosha. Na kwa Waluguru, ambao ardhi yao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, naamini mapato ya chumba hicho yangefika kwa wanawake kwa urahisi kuliko sehemu nyingi nchini. Yangekuwa pia faida ya kuuacha msitu usimame. Ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na humo ndimo zinakoanzia chemchemi za Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, ni mipaka. Mgeni anaanzia Manispaa ya Morogoro, anapanda Mgeta iliyo Mvomero, anateremkia Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, na katikati yuko kwenye msitu wa TFS. Ofisi nne, na njia ni moja. Zikae meza moja: kibali kimoja kipatikane hata Bunduki, alama zichorwe njiani, na orodha ya nyumba zinazopokea wageni ibandikwe kituo cha treni.

Nawe msomaji, ukipanga kuvuka, ngoja masika yaishe. Juni hadi Septemba njia haitelezi sana. Chukua mwongozaji wa kijiji chenyewe, elewaneni bei kabla ya kuondoka, na beba noti ndogo, maana mlimani chenji ni shida.