Muulizeni Mgonjwa Angali Anaongea

Babu yangu wa Milepa alikuwa mtu wa mipango. Wosia wake wa mashamba ya mpunga na ng'ombe aliutoa kwa mdomo mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, kama sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinavyotaka. Alipofariki hakuna aliyegombania hata ndama. Ila kitu kimoja hatukumuuliza: siku zake za mwisho alitaka ziweje?

Saratani ilipomzidi, ukoo uligawanyika. Baba mdogo alitaka tuuze ng'ombe, tumpandishe tena mlima hadi Sumbawanga mjini. Shangazi akasema aachwe nyumbani apumzike. Babu mwenyewe hakuwa tena na nguvu ya kuongea. Tukampandisha. Siku ya tatu akafia wodini, na hela iliyobaki ikaishia kwenye gari la kumrudisha. Mpaka leo baba mdogo na shangazi hawasalimiani vizuri, na hakuna ajuaye nani alikuwa sahihi.

Wosia wa mali huanza kazi mtu akishakufa. Kupanga matunzo ni kwa ajili ya muda ule kabla, hasa mgonjwa akishindwa kujisemea. Maswali si mengi:

- Unapenda uuguzwe wapi, nyumbani au hospitali?
- Ukishindwa kuongea, nani akusemee?
- Matibabu gani yaendelee, na yapi yakizidi kukuchosha yaachwe?
- Nani aitwe: padri, shehe, mtoto aliye mbali?

Majibu yaandikwe, ndugu wayasikie wakiwa pamoja, daktari aambiwe. Mgonjwa akibadili mawazo kesho, yanaandikwa upya.

Na kubaki nyumbani si kukataa tiba. Ipo tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa pamoja na familia yake hata kama ugonjwa hauponi. Hapa nchini inatolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Selian, Arusha. Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 hutumia mofini ya maji ambayo mgonjwa anakunywa akiwa kwake, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Sisi wa bonde la Rukwa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, ndio hasa wa kuuliza mapema: dawa ya maumivu tutaipata wapi karibu?

Najua utaambiwa unamchuria mzee. Mimi likizo iliyopita nilianza na bibi, tukichambua mchele. Nikamwambia, "Bibi, ya babu yalituumiza. Wewe ungependaje?"

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapa hapa. Na shangazi yako ndiye anisemee."

Nikaandika. Baba mdogo alikuwepo, akasikia.