Nyota iliyokataa kupasuka mu ordinatere

Tarehe 23 mwezi wa pili 1987, chini ya ardhi, mu mgodi wa Kamioka kule Japani na mu mgodi wa chumvi wa Ohio, Marekani, matangi makubwa ya maji yalikamata nyutrino karibu 20. Nyutrino ni vipande vidogo sana, vinapita mu mwamba sawa hakuna kitu. Saa chache kisha, nyota moja ikaonekana juu imepasuka. Siye wachimbaji tunaipenda habari hii: ilifika mu shimo mbele ya kuonekana mbinguni.

Lakini nyota inapasuka namna gani? Hakuna mtu wa kwenda kuangalia ndani, njo maana wataalamu wanaijenga mu ordinatere, kwa hesabu.

Nyota kubwa inachoma makaa yake mpaka katikati inabaki chuma. Chuma haitoi moto tena. Siye tunajua galeri iliyokosa miti ya kushikilia: juu inashuka. Kile kitovu, kikubwa karibu sawa dunia, kinaanguka kwa chini ya sekunde moja. Kinakazana, kinaruka nyuma, mshituko unatoka kuelekea inje.

Basi, njo mpasuko? Ordinatere ilikataa. Mshituko ulifika kilometa 150 hivi, ukasimama. Tangu 1966 Colgate na White, ku California, walisema nyutrino ndizo zinausukuma. Hata hivyo, miaka mingi hesabu zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zilikwama pale pale.

Kosa moja kubwa lilikuwa kuichukua nyota kuwa mviringo safi, kila kitu kinapanda ao kinashuka moja kwa moja. (Hapa tunacheka kidogo: sendika yetu imeona plani ngapi nzuri za galeri, bila maji, bila ufa!) Walipoiacha nyota itembee pande zote, ndani yake ikachemka sawa maji ya bukari ku mbabula. Cha moto kinapanda, cha baridi kinashuka, na joto la nyutrino linapata wakati wa kufanya kazi. Kikundi cha Janka ku Ujerumani na cha Burrows ku Princeton sasa wanaona nyota nyingi zikipasuka zenyewe. Si zote, zingine zinameza kila kitu. Na hesabu moja inakula miezi ya mashini kubwa kabisa.

Nyota ya 1987 iliendelea kuwaka juu ya kobalti-56. Nusu yake inageuka chuma kila siku 77, na mwangaza ulipungua kwa mwendo ule ule. Hiyo haiko kobalti ya mifuko yetu. Ya kwetu haigeuki, lakini sehemu kubwa yake nayo ilipikwa mu nyota za namna hiyo, mbele jua letu lizaliwe.