Herufi moja mbele ya mwaka

Vitabu vingi vya historia ya taarabu huweka mabano baada ya jina la mwimbaji Siti binti Saad: (c. 1880–1950). Ile c. si kosa la uchapaji. Ni kifupisho cha circa, neno la Kilatini linalomaanisha "karibu na" au "kandokando ya". Wengine huliandika ca., na maana haibadiliki.

Herufi hiyo humwambia msomaji ushahidi umefika wapi. Mwaka aliozaliwa Siti kule Fumba, Unguja, ni wa kukadiria. Safari yake ya kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 inajulikana, na kifo chake cha Julai 1950 pia. Ndiyo maana c. imekaa mbele ya 1880 peke yake. Kama miaka yote miwili ingekuwa ya kukadiria, ingebidi iandikwe mara mbili.

Tatizo huanza kwenye kunakili. Mwandishi mmoja anaiacha c., anayemfuata anaandika "alizaliwa mwaka 1880", na wa tatu anapiga hesabu na kutangaza kwamba Siti alirekodi akiwa na miaka 48. Umri huo hauna ushahidi wowote. Umezaliwa na herufi iliyodondoka njiani.

Kwa Kiswahili, "yapata mwaka 1880" au "takriban mwaka 1880" hutosha kabisa. "Mnamo" haifai tena kwa kazi hii: siku hizi tunasema "mnamo tarehe 9 Desemba 1961", siku ya uhuru wa Tanganyika, ambayo hakuna anayeitilia shaka.

Kosa la upande wa pili ni kuitia c. pasipo na shaka. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mara nyingi huangukia katika miaka miwili ya Miladia. Mwaka 500 Hijria ulianza 1106 ukaishia 1107. Hati ikitaja mwaka huo bila mwezi, mwanahistoria makini huandika 1106/1107, kwa sababu aliyeiandika alijua vizuri mwaka wake. Kinachotatiza ni kulinganisha kalenda tu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hata mkwaju huo (/) hauhitajiki. Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani yanataja mwaka huohuo wa 500 pamoja na mwezi wenyewe, Dhulkaada, yaani Mfunguo Pili, ambao mwaka ule uliangukia 1107.