Uvira: Chanjo moja ya surua haimtoshi mtoto

Mzazi wa Uvira akiona alama ya chanjo ya surua kwenye fishi ya mtoto wake, anaweza kufikiri kazi imekwisha. Lakini kinga ya ugonjwa huu hubadilika kadiri mtoto anavyokua.

Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake angali tumboni. Kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi. Mama aliyekinga mwili wake kwa chanjo humwachia mtoto kinga kidogo kuliko mama aliyewahi kuugua surua, na huisha mapema zaidi.

Kwa nini basi kungoja miezi 9? Kwa sababu kinga ya mama ikiwa bado na nguvu, huizuia chanjo isifanye kazi. Hata kwenye miezi 9, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, karibu 85 ndio hupata kinga. Wale 15 hubaki wazi, ingawa fishi zao zimejazwa. Chanjo ya pili, ambayo Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri itolewe kati ya miezi 15 na 18, ndiyo huwafikia wengi wao.

Miaka ikipita, kinga inayopimwa katika damu hushuka. Hata hivyo mwili huendelea kuikumbuka surua, na wengi waliopata chanjo mbili hukingwa kwa miaka mingi sana. Hatari kubwa iko kwa aliyekosa chanjo au aliyepata moja tu, awe na miaka 2 au 20.

Kongo inajua gharama yake. Januari 2020, OMS ilitangaza kwamba surua imeua watu zaidi ya 6.000 nchini, na wagonjwa waliodhaniwa kuwa nayo tangu mwanzo wa 2019 walikuwa karibu 310.000.

Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana watoto 95 kwa 100 wanahitaji chanjo zote mbili. Kwa familia zinazokimbia vita kutoka Nyanda za Juu au bonde la Ruzizi, siku ya chanjo ya pili hupita zikiwa njiani. Mtoto aliyechelewa bado anaweza kuchanjwa: mzazi abebe fishi, na kama imepotea, aende hivyo hivyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kurudia chanjo hakumdhuru mtoto.