PIKIPIKI YA KUANZIA: TUNUNUE YA SPOTI AU YA KAZI?

Katika vikundi vyetu vya Kisii na Nyamira, pesa za mzunguko zilizoea kununua sufuria, mbuzi au ng'ombe wa maziwa. Siku hizi zamu ya kijana ikifika, anataka pikipiki. Jambo hilo si baya. Pikipiki inafika pale matatu haifiki, inapeleka maziwa na ndizi sokoni, na usiku inaweza kuokoa mgonjwa.

Shida inaanzia dukani. Kijana anaona pikipiki mbili. Moja ni ya kawaida, kiti kirefu, kerio nyuma. Nyingine imeinama mbele kama panzi anayetaka kuruka, tangi limetuna, rangi inang'aa. Hiyo ya pili ndiyo watu wanaita ya spoti. Anasema, "Hata hii ni ndogo tu, ni cc 150 kama ile." Je, kikundi kimjibu namna gani?

Pikipiki zilivyotufikia

Miaka ya 1990 pikipiki kijijini ilikuwa ya afisa wa kilimo, padri au daktari wa mifugo. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia, na milima yetu haikupenda baiskeli. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Tangu hapo zimejaa kila njia panda, hasa zile za kazi kama Bajaj Boxer na TVS HLX. Zile za spoti ndogo, kama Pulsar na Apache, zilikuja nyuma yao.

Cc ni nini?

Cc ni kipimo cha nafasi ndani ya silinda, pale petroli na hewa zinapochomeka. Cc 150 ni mililita 150, yaani nusu ya ile chupa ya soda ya mililita 300. Lakini kipimo hiki hakisemi kila kitu. Injini mbili za ukubwa mmoja zinaweza kufanya kazi tofauti, kama vile vijana wawili wa uzito mmoja: mmoja ni mkimbiaji, mwingine ni mbeba mizigo.

Injini ya spoti ni mkimbiaji. Inatoa nguvu zake ikizunguka kwa kasi sana. Injini ya kazi imetengenezwa ivute ikizunguka polepole, na gia zake zimepangwa kwa mlima na mzigo. Boxer ya cc 100 ina nguvu farasi kama 8 tu, na ya cc 150 kama 12, lakini zinapanda na gunia. Pulsar NS ya cc 200 ina zaidi ya 20. Kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa hajui klachi, nguvu hizo ni nyingi mno. Akishtuka kidogo na kukaza mkono wa mafuta, pikipiki inamkimbia.

Barabara zetu zinataka nini?

Fikirini njia ya kupanda Manga, au zile njia za ndani kuelekea Nyamache mvua ikinyesha. Kuna kona, kuna utelezi, kuna mashimo. Hapo pikipiki ya kazi inamfaa anayeanza kwa sababu hizi:

1. Anakaa wima, anaona mbali, na miguu inafika chini akiteleza. Kwa ile ya spoti anainama mbele, na uzito unalemea mikono.

2. Kiti ni kirefu na cha chini. Mama mjamzito au mgonjwa anaweza kupanda. Kiti cha nyuma cha spoti ni kifupi na kiko juu, na mara nyingi hakuna kerio ya maana.

3. Ina kiki. Betri ikifa, unapiga kiki unaendelea. Baadhi ya zile za spoti zinawashwa kwa betri peke yake.

4. Spea zake ziko karibu, na fundi wa sokoni anaijua. Ya spoti ikianguka mara moja, plastiki za mbele zinavunjika, na pengine spea inatafutwa Nairobi. Siku hizo zote hakuna pesa inayoingia.

Tusiseme uongo: ya spoti pia ina uzuri wake. Mara nyingi breki zake ni za disiki na zina nguvu, tairi ni pana, na inashika kona ya lami vizuri. Mwalimu au muuguzi anayeishi Keroka na kufanya kazi Kisii mjini, anayesafiri peke yake juu ya lami, anaweza kutumia ya cc 125 hadi 160 bila matata, mradi amejifunza kwanza. Huyo habebi mitungi ya maziwa. Kwa hiyo msiulize tu, "Ni ipi nzuri?" Ulizeni, "Itabeba nini, kwa njia gani, na nani ataiendesha?"

Mwendo ni hesabu

Ukienda kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukienda 80, unapita mita 22. Mtoto akitokea kwenye shamba la chai, sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono haujashika breki. Hizo mita zimekwisha kwenda bure. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unazidi mara nne. Kwenye matope ni mbaya zaidi. Pikipiki inayofika 100 kwa urahisi inampa mwanafunzi majaribu ambayo hana ujuzi wa kuyashinda.

Mkiteremka, msizime injini wala kuweka fri ili kuokoa petroli. Wekeni gia ya pili au ya kwanza, injini yenyewe izuie. Breki ikishikwa mteremko mzima inapata moto na kuchoka. Na kwenye changarawe, breki ya mbele ishikwe taratibu, pamoja na ya nyuma, kabla ya kona wala si ndani ya kona.

Pesa: hesabuni mpaka mwisho

Wengi wananunua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kama pikipiki ni shilingi 160,000 taslimu, na kwa mkopo mnatoa 40,000 kwanza, kisha 400 kila siku kwa siku 450, mmelipa 220,000. Tofauti ni 60,000. Hiyo ni pesa ambayo kikundi kingeweza kumkopesha mwanachama wake chenyewe, kwa riba ndogo, nayo ikabaki nyumbani. Wazee wetu walilima kwa risaga, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Mkopo wa kikundi ni risaga ya pesa.

Msimalize pesa zote kwa pikipiki. Kabla ya kuchagua rangi, tengeni pesa za mambo haya:

1. Mafunzo na leseni. Kundi A2 ni la pikipiki ya kawaida. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji A3. Awe amefika umri unaotakiwa na sheria.

2. Bima. Sheria inadai angalau ile ya kulinda mtu wa tatu.

3. Helmeti mbili na jaketi mbili za kumetameta, kwa dereva na kwa abiria. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba helmeti nzuri inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Lazima ifungwe chini ya kidevu. Ikiwekwa kwenye tangi haimsaidii mtu.

4. Akiba ya oili, cheni, tairi na breki.

Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Tunajua wengi wanabeba wawili, hata watatu. Lakini ajali moja inaweza kuuza ng'ombe, kisha shamba, na mtoto akatoka shuleni. Mzigo huo haumwangukii dereva peke yake, unaangukia boma zima, na mwishowe kikundi.

Kijana akikasirika kwamba amenyimwa ya spoti, mwelezeni hivi kwa upole: aanze na ya cc 100 au 125 ya kazi, alipe deni, apate uzoefu wa mvua na wa kiangazi. Baadaye, akitaka nyingine kwa pesa zake, atakuwa anaimudu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika kijiji chetu, pikipiki inabeba nini zaidi: watu, maziwa, ndizi au chai?

2. Nani kati yetu ana leseni, na nani anaweza kumfundisha mwingine kwenye uwanja kabla hajaingia barabarani?

3. Mwanachama akipata ajali leo, deni la pikipiki litalipwa na nani? Je, tumeandika jambo hilo katika kitabu cha kikundi?