Mpe mtoto sekunde tatu kabla hajajibu

Pita nje ya darasa la pili asubuhi, utasikia: “Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!” Mikono iko juu, vidole vinalia, wengine wameshasimama, na swali lenyewe mwalimu hajalimaliza. Anayechaguliwa anabaki kukodoa macho. Kumbe jibu hana, alitaka kuchaguliwa tu.

Wazazi wengi huo tunauita uchangamfu, na aliyekaa kimya tunamwita mzito. Jina hilo likimkaa mtoto, naye huliamini. Lakini mara nyingi mtoto huyo anawaza, ila hapewi muda.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1970 kwa kusikiliza kanda zilizorekodiwa madarasani kwenye vipindi vya sayansi. Walimu wengi wakishauliza walisubiri kama sekunde 1 tu, kisha wakamtaja mwingine au wakajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wakaanza kutoa sababu, na waliozoea kunyamaza nao wakajitokeza. Sekunde 3 hazitoshi hata kufuta ubao!

Mwalimu anaweza kutangaza mapema: mikono chini mpaka aseme. Kisha achague mwenyewe wa kujibu, asiwe wa dawati la mbele kila siku. Swali likiwa gumu, kila mtoto awaze kwanza, amweleze jirani yake kwa sauti ya chini, ndipo waseme mbele ya wote. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1981 na Frank Lyman, naye wa Marekani. Mtoto mwoga huifurahia zaidi, maana jibu lake limeshasikika kwa mwenzake. Ila darasa likiachwa limcheke anayekosea, kazi yote imeharibika. Kesho atakuwa na jibu na atakaa nalo.

Nyumbani nako tuna haraka hiyohiyo. “Leo mmesoma nini?” Mtoto hajameza tonge, tumeongeza swali la pili, la tatu, na “Si naongea na wewe?” juu yake. Uliza moja, endelea kuchambua mchele wako, subiri. Akisema “sijui”, usimpe jibu. Mwulize yeye anadhani nini, unyamaze tena. Siku za mwanzo ukimya huo utakusumbua wewe kuliko yeye.